Mzazi Kwanza, Mpira Baadaye: Mwongozo wa Kuanzisha Timu ya Wasichana Katika Jamii Inayoshika Mila

Timu yangu ya kwanza ya wasichana ilidumu wiki tatu. Siku ya kwanza walikuja 22, tukakimbia, tukacheka, tukapiga picha. Wiki ya pili walibaki 13. Wiki ya tatu walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kurudisha jezi tu, imefuliwa na kukunjwa vizuri, kwa kuwa mama yake hakutaka deni. Nilikuwa nimenunua mipira sita, koni, filimbi na jezi za rangi ya machungwa. Nyumba niliyopiga hodi ilikuwa moja, nayo ni ya jirani yangu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: mwalimu, kocha, mama mwenye mabinti, kijana anayejitolea, yeyote anayetaka kuwachezesha wasichana mahali ambapo binti kuonekana akikimbia mbele za watu ni habari ya mtaa mzima. Hatua nimezipanga kama ambavyo ningezifuata leo. Utaona mpira wenyewe unachelewa sana kutajwa.

Hatua ya 1: Isome "hapana" kabla ya kuijibu

Dharau iache nyumbani kwako. Jamii inayomkataza binti kucheza haikuzua jambo jipya. Chama cha soka cha England kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake mwaka 1921, na katazo hilo likakaa karibu miaka 50. Brazil, nchi ambayo leo huwezi kuitaja bila kutaja mpira, ilikuwa na amri ya serikali iliyowazuia wanawake kucheza soka kuanzia 1941 hadi 1979. Ujerumani Magharibi nako chama cha soka kiliwapiga marufuku mwaka 1955, kikawaruhusu 1970. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia marathoni ya Boston akiwa na namba 261 kifuani, na ofisa wa mbio akamrukia katikati ya barabara akitaka kumnyang'anya namba hiyo. Hoja za enzi hizo, kwamba mwili wa mwanamke hauhimili, kwamba uzazi utaharibika, kwamba si heshima, ndizo utakazosikia ukibisha hodi kesho. Ukilijua hilo, sauti yako hubadilika hata kabla hujakaribishwa kiti.

Kisha tambua kwamba "hapana" moja hubeba sababu nyingi, na mzazi hutaja ile iliyo rahisi kutamka. Atasema dini hairuhusu, kumbe kinachomkosesha usingizi ni njia ya kurudi nyumbani jua likiwa limezama. Atasema binti ana kazi nyingi, kumbe anaogopa maneno ya wakwe. Ukijibu sababu aliyoitaja bila kuigusa ile aliyoificha, mtakubaliana vizuri na binti hatakuja. Nilizokutana nazo mara nyingi ni hizi.

Macho ya watu: nani atamwona, na akiwa amevaa nini. Hapa dawa ni uwanja wenye sitara na mavazi, na vyote viwili vina hatua zake hapa chini.

Wanaume: kocha, vijana wanaokaa pembeni ya uwanja, wapita njia.

Muda. Saa mbili za binti uwanjani ni saa mbili ambazo mtu mwingine atateka maji, atapika na kubembeleza mtoto. Watu wa miradi hupenda kuiita hii mila. Mimi naiona ni hesabu ya nyumba, na hesabu hujibiwa kwa hesabu: muulize mama ni saa ipi ya siku ambayo binti akikosekana hakuna kinachoharibika.

Posa. Familia inahofia kwamba msichana wa mpira hataposwa. Usibishane kuhusu ndoa. Hutashinda na haikuhusu siku hiyo. Ukiwa na mwanamke wa jamii hiyo hiyo aliyewahi kucheza na sasa ana familia yake, mpe kiti mbele na umwache azungumze.

Mwili. Hili husemwa kwa kunong'ona, mara nyingi na mama au bibi, baba akiwa ametoka. Wanauliza kama kukimbia, kuruka au kuendesha baiskeli kutamharibia binti usichana wake. Usicheke, na usikwepe. Tafuta muuguzi au mkunga wa kike anayeheshimika hapo, aseme yeye. Ukweli wa kitabibu ni kwamba kizinda hutofautiana sana baina ya msichana na msichana, na hali yake haithibitishi kama amewahi kukutana na mwanamume au la. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na taasisi za Umoja wa Mataifa za haki za binadamu na za wanawake, zilitamka kwamba kipimo cha ubikira hakina msingi wa kisayansi na kikomeshwe. Mkunga mwenye mvi akilieleza hilo kwa maneno yake, linapokelewa. Kocha kijana akilieleza yeye, umeharibu.

Hatua ya 2: Mjue mwenye kauli

Kwenye karatasi ya ruhusa husaini baba. Mwenye kauli anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Kwa kila msichana andika daftarini majibu ya maswali matatu: nani akisema ndiyo mambo yanakwenda, nani akisema hapana yanasimama, na nani anamsikiliza huyo wa pili. Katika nyumba nyingi nilizoingia, huyo wa pili alikuwa bibi. Katika chache alikuwa kaka wa miaka 17 ambaye hana kazi ya kufanya zaidi ya kulinda heshima ya dada zake. Kaka wa namna hii usimkwepe. Mpe kazi yenye jina: asindikize kundi la wasichana hadi kona ya mwisho kabla ya uwanja na kuwarudisha. Anayelinda njia hapati nafasi ya kuwa mnong'onezaji.

Kiongozi wa dini mwendee mapema, na umwendee kwa swali. Muulize: ili mabinti wacheze bila kuvunja kitu, tuzingatie nini? Karibu kila mara utarudi na masharti badala ya katazo: mavazi ya stara, wasichangamane na wanaume, wasikose ibada, wasitembee usiku. Masharti hayo yaandike, uyafuate, na ukiwa kwa wazazi sema ni nani aliyekupa. Wapo watakaokataa moja kwa moja. Hapo toka kwa adabu, na usiende kumtafuta mwingine wa kumpinga hadharani. Mvutano wa wakubwa huwaumiza wasichana kwanza.

Hatua ya 3: Ziara ya nyumbani

Nenda na mwanamke wa makamo anayejulikana. Usiende wakati wa chakula wala wa ibada. Usibebe mpira. Kaa pale utakapoonyeshwa, na uombe kitu kidogo chenye mwisho wake. Mazungumzo yangu siku hizi huwa karibu na haya:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unataka kuwafundisha mabinti zetu mpira."

"Nimekuja kuomba, mzee. Bado sijaanza. Naomba saa mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Wiki ya sita nitarudi hapa hapa, uniambie niendelee au niache."

"Na nikisema uache?"

"Nitaacha, na tutabaki majirani."

Ombi la wiki sita linambebea mzazi mzigo. Hajamruhusu binti yake kuwa mwanamichezo; amekubali kujaribu, na akiulizwa na ndugu ana la kuwajibu. Wiki ya sita ni lazima urudi kweli. Mwenzangu mmoja aliona mambo yamekwenda vizuri akaona hakuna haja ya kurudi. Wazazi walikuwa wanamsubiri. Alipoteza nusu ya timu kwa ahadi ambayo yeye aliiona ndogo.

Maneno kama ukombozi, usawa na haki siku hiyo yaache mfukoni. Kuna wenzangu wanaoniona mwoga kwa hili. Nakubali ni ujanja kidogo, lakini wasichana niliowahi kuwapoteza niliwapoteza kwa hotuba. Zungumzia kinachoonekana na kinachoweza kuthibitishwa: afya, masomo, nidhamu, marafiki wanaojulikana, watu wazima wanaojulikana. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayowatoa jasho. Utafiti wake uliotoka mwaka 2019, wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 katika nchi 146, ulikuta kwamba 85% ya wasichana hawafikii kiwango hicho, na wavulana 78%. Mzazi husikiliza tarakimu kama hizo hasa ukimweleza kwamba nchi tajiri nazo zimo.

Kuna mstari ambao usiuvuke hata ukibembelezwa na wasichana wenyewe: uongo. Usiseme ni darasa la ushonaji. Usimpokee binti aliyetoroka nyumbani. Siku siri itakapotoka, wewe utapata aibu na yeye atapata fimbo, au atafungiwa ndani na kuachishwa shule. Binti asiye na ruhusa mkaribishe pamoja na mama yake waje kutazama, ikiwezekana hivyo.

Hatua ya 4: Mchezo, mahali na saa

Watu wengi huanza na mpira wa miguu kwa sababu ndio wanaoujua. Fikiria mara mbili. Pale ambapo soka ni mali ya wavulana, kila msichana anayegusa mpira anaonekana kama mwizi. Mchezo mgeni hauna mwenyewe. Shirika la Skateistan, lililoanzia Kabul mwaka 2007, lilifundisha wasichana wa Afghanistan kuteleza kwa ubao wenye magurudumu. Baiskeli ilikuwa na sifa mbaya kwa msichana, lakini ubao ulikuwa mpya kiasi kwamba hakuna aliyewahi kukaa akaupiga marufuku. Wasichana wakapewa siku zao na walimu wa kike, na mlango ukafunguka. Kwa hiyo uliza kwanza: mchezo gani hapa bado haujatungiwa katazo? Netiboli, mpira wa wavu, karate, tenisi ya meza na kuruka kamba vyote huingia penye ugumu kwa sababu vinachezeka ndani ya ukuta, au havina kugusana miili.

Hilo halina maana kwamba soka haiwezekani. Kilifi, Kenya, mradi wa Moving the Goalposts umekuwa ukitumia mpira wa miguu kwa wasichana tangu 2001, na wasichana wenyewe wamekuwa wakikaa kwenye kamati za viwanja vyao. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kuhusu mahali, sitara hushinda ubora wa nyasi. Uwanja wa shule wenye ukuta, ukumbi, ua mkubwa, hata turubai zilizofungwa upande wa barabara. Pima kwa miguu yako umbali kutoka nyumba ya mbali kabisa, ukitembea kwa mwendo wa mtoto, na uhakikishe wa mwisho anafika nyumbani angalau nusu saa kabla ya giza. Kagua choo: kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, maji, na mahali pa kutupia taulo za kike. Uwanja usio na choo usiuchukue hata ukipewa bure.

Kuhusu saa, asubuhi ya siku isiyo ya shule mara nyingi hushinda jioni. Kipindi cha mfungo punguza ukali wa mazoezi na uyasogeze karibu na kufuturu, au ufanye vikao vya kukaa: kanuni za mchezo, huduma ya kwanza, kazi ya mwamuzi.

Hatua ya 5: Mavazi, na mengine ambayo watu hawayasemi

Kubaliana mavazi na akina mama kabla ya kununua hata uzi. Waite waje na watoto wao, weka sampuli mezani, waache wabishane wao kwa wao. Kwa kawaida wanachokubaliana ni suruali ya mazoezi isiyobana, fulana ndefu ya mikono mirefu na kitambaa cha kichwa. Yule anayetaka kucheza kichwa wazi na mama yake anaridhia, naye aachwe hivyo. Ukilazimisha kufunika utakuwa umewapokonya wengine uamuzi ule ule uliokuja kuwatafutia.

Usisikilize anayesema kitambaa hakiruhusiwi na kanuni. Wakati mmoja ilikuwa kweli: mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman kwa sababu ya hijabu. Mwaka 2012 wasimamizi wa sheria za soka waliiruhusu kwa majaribio, na Machi 2014 wakairuhusu moja kwa moja. Mpira wa kikapu ulifuata 2017. Julai 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alianza dhidi ya Korea Kusini akiwa na hijabu, wa kwanza katika Kombe la Dunia la wakubwa, na Morocco ikashinda 1-0. Habari hii moja imenisaidia kuliko hotuba zangu zote, kwa sababu inawafikia watu wa pande mbili: baba anaona stara, binti anaona Kombe la Dunia.

Kiufundi, kitambaa kiwe chepesi, kibane kichwa bila kukaba shingo, na kisiwe na pini. Pini ni hatari kwa mvaaji na kwa anayegongana naye. Kitambaa cha kuvutika kinachovaliwa kwa kupitishwa kichwani moja kwa moja kinatosha. Mavazi marefu huongeza joto, kwa hiyo mapumziko ya maji kila dakika 15, na kocha ajue dalili za joto kuzidi mwilini: kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuongea ovyo. Mtoto anayechanganyikiwa akili kwa joto mtoe juani mara moja, mlegeze mavazi akiwa na wanawake wenzake, mmwagie maji na kumpepea, na mkimbize hospitali.

Sidiria ya michezo na taulo za kike ziingie kwenye bajeti kabla ya jezi. Nimeona wasichana waliodhaniwa kuwa wavivu, kumbe wanaona aibu kuruka. Weka begi dogo chooni lenye taulo, chupi safi, sabuni na suruali ya ziada ya rangi nyeusi, na msichana achukue bila kuomba wala kuandikwa jina. Hedhi yenyewe haimzuii kucheza. Anayeumia sana, au ambaye hedhi imekatika miezi mitatu mfululizo akiwa anafanya mazoezi mengi, amwone mhudumu wa afya. Mara nyingine ni dalili kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia mwilini.

Hatua ya 6: Kocha, na ulinzi wa mtoto

Hapa usipunguze hata inchi. Mzazi amekukabidhi kitu chake cha thamani kuliko vyote, na katika jamii za namna hii tukio moja hufunga milango kwa kizazi kizima. Kocha mkuu awe mwanamke. Kama hayupo mwenye ujuzi, chukua mwanamke anayeaminika asiye na ujuzi, umfundishe. Kufundisha pasi ni kazi ya miezi. Kujenga jina jema ni kazi ya miaka.

Kanuni zangu ni chache na zimebandikwa ukutani ili wasichana nao wazijue. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na msichana mmoja mahali pasipoonekana. Watu wazima wawili kila kikao, mmoja wao mwanamke daima. Hakuna ujumbe wa simu wa faragha kati ya kocha na mchezaji. Taarifa zote zinapita kwa mzazi au kundi la wazazi. Hakuna zawadi kwa mchezaji mmoja. Hakuna kupandisha gari mmoja mmoja. Kabla ya kumpokea mtu yeyote, piga simu mahali alipofanya kazi mwisho na uulize kwa nini aliondoka.

Kisha teua mwanamke mmoja asiye kocha, wasichana wamchague wenyewe, awe mtu wa kupelekewa malalamiko. Ajue mapema atapeleka wapi: ofisi ya ustawi wa jamii, polisi, hospitali. Huyu ndiye pia atakayesikia mambo ya nyumbani, kwa sababu wasichana wakishazoea uwanja huanza kusema. Asiahidi kutunza siri inayohusu madhara. Aseme: "Hili nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na nitakuambia ni nani."

Hatua ya 7: Wiki sita za kwanza uwanjani

Sasa mpira.

Anza na kundi la wasichana wasiopungua 12 na wasiozidi 18. Zaidi ya hapo kocha mmoja na msaidizi hawatoshi. Wiki mbili za kwanza hakuna mashindano. Wengi wao hawajakimbia kwa nguvu tangu wakiwa na miaka tisa au kumi, siku walipoambiwa wamekua. Wafundishe kuanguka, kusimama ghafla, kugeuka, kudaka. Wafundishe kupiga kelele. Sitanii: zoezi la kumwita mwenzako kwa sauti inayofika upande wa pili wa uwanja lilinichukua vikao vitatu, na kuna binti aliyelia. Amezoezwa miaka yote sauti yake isivuke kizingiti. Usimharakishe. Mpe mwenzake mmoja, wasimame hatua tano, kisha kumi, kisha ishirini.

Kupasha misuli moto fuata programu ya FIFA inayojulikana kama 11+. Inachukua kama dakika 20: kukimbia, kuimarisha misuli, mizani, kuruka na kutua. Ilipojaribiwa Norway kwa wachezaji 1,892 wa kike wa miaka 13 hadi 17, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha majeraha yamepungua kwa karibu theluthi moja. Kwa wasichana hili lina uzito wa pekee, maana kano ya mbele ya goti hukatika kwao mara kadhaa zaidi kuliko kwa wavulana katika mchezo ule ule. Msisitizo uwe kwenye kutua: magoti yasiangukiane ndani. Na kuna upande mwingine wa jambo. Binti akirudi nyumbani anachechemea wiki ya kwanza, hoja zako zote za hatua ya tatu zimekufa.

Wiki ya tatu anza kugawa kazi, na hapa ndipo neno kubwa lile, uwezeshaji, linapopata mikono na miguu. Unahodha uwe wa zamu ya wiki mbili. Msichana mmoja atunze daftari la mahudhurio, mwingine ahesabu mipira na kubaki na ufunguo wa stoo. Mwingine apewe filimbi. Filimbi ina nguvu ya ajabu. Mtoto ambaye hajawahi kumwambia mtu mzima "hapana" anasimama katikati ya wenzake 12, anasema ile ni faulo, wanambishia, na uamuzi wake unabaki. Kocha usiingilie hata akikosea. Hasa akikosea.

Wiki ya nne ongeza dakika 15 za kukaa chini baada ya mazoezi. Usifanye mhadhara. Uliza swali moja, kwa mfano nani hapa aliwahi kutaka kusema kitu akanyamaza, na usubiri.

Wiki ya sita rudi kila nyumba, kama ulivyoahidi. Nenda na nahodha wa zamu kama wazazi wake wameridhia. Muulize mzazi ameona nini, na uandike. Majibu hayatakuwa yale unayotarajia. Mama mmoja aliniambia kitu pekee alichokiona ni kwamba binti yake sasa analala usingizi.

Hatua ya 8: Mechi ya kwanza na suala la picha

Watazamaji wa mechi ya kwanza wawe akina mama, bibi, shangazi na dada. Waalike kwa majina. Wakikaa viti vya mbele na kushangilia, watakuwa wamejitangaza kuwa upande wenu, na ni vigumu mtu kuja kupinga kesho alichokishangilia jana. Baba waje mechi ya tatu au ya nne, watakapoomba wenyewe. Wataomba.

Picha ni hadithi nyingine. Mfadhili atataka picha, na wewe utataka kuonyesha kazi yako. Picha moja ya binti akiwa ameruka, imesambazwa kwenye simu za mtaa, inaweza kumtoa yeye na wenzake watano. Hakuna picha bila ridhaa ya mzazi na ya msichana mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na akibadili mawazo inafutwa. Mfadhili apelekewe picha za viatu, mikono, migongo, ubao wa matokeo. Asiyeelewa hilo si mfadhili wako.

Hatua ya 9: Yakiharibika

Yataharibika. Binti ameondolewa ghafla: nenda siku ile ile au kesho yake, usisubiri wiki, na uende kusikiliza. Mara nyingi ni neno lililosemwa kisimani au sokoni. Nafasi yake iache wazi kwenye daftari na mwambie mzazi hivyo.

Uvumi umezuka kuhusu kocha: msimamishe kwa muda huku mambo yakichunguzwa, hata kama unamwamini kama nafsi yako. Watu wanaangalia utafanya nini.

Vitisho ni kitu kingine, na havijibiwi kwa ushujaa wa watoto. Hassiba Boulmerka wa Algeria alishinda dhahabu ya mita 1500 Barcelona mwaka 1992 baada ya vitisho vya kuuawa vilivyomfanya ahamie Berlin kufanya mazoezi. Alikuwa mtu mzima, bingwa wa dunia, na bado ilimbidi aondoke. Msichana wako wa miaka 14 hana pa kwenda. Kukiwa na tishio, funga kwa muda, toa taarifa polisi, wajulishe wazee waliokubariki, na usifungue hadi wazazi wenyewe waseme.

Na ikija habari ya kuozwa kwa mtoto, hapo si suala la timu tena. Mtume mwanamke yule wa hatua ya sita aende ustawi wa jamii, kimya kimya, kabla ya kuzungumza na familia. Nimewahi kuanza na familia. Harusi iliharakishwa, tarehe ikaletwa karibu zaidi.

Hatua ya 10: Unachokihesabu, na siku ya kukosekana

Vikombe havihesabiki hapa, angalau kwa mwaka wa kwanza. Ninachoandika ni mahudhurio ya kila msichana mwezi kwa mwezi, wangapi bado wako shule, wangapi wamewahi kushika filimbi, mama wangapi wamefika uwanjani. Nina safu moja zaidi: nani ameomba kitu nyumbani akapewa. Wanaijaza wenyewe. Kuna aliyeandika kwamba aliomba taa ya kusomea. Mwingine aliomba kaka yake aoshe vyombo siku ya mazoezi, akakataliwa, akaomba tena.

Timu ikifikisha miezi minane hivi, panga kutokuwepo. Waage wasichana wiki moja kabla, wazazi wajue, msaidizi na mama mwingine wawepo kwa ajili ya ulinzi, lakini ratiba, mazoezi, filimbi na ufunguo viwe mikononi mwa wasichana. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nyumbani nikitazama saa. Jioni aliyetunza daftari aliniletea: wamefika 16, mpira mmoja umepasuka, mazoezi yameisha dakika kumi mapema kwa sababu mwamuzi aliona mwanga unapungua. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba kikao kijacho nisichelewe.